Manukato ya Mfuga Nyuki

Kwa miaka ishirini na miwili Kitheka alinunua chumvi, majani ya chai na betri za tochi kwa Abdifatah bila kukanyaga sakafu ya duka lake. Alisimama nje kwenye ngazi ya saruji, akasema anachotaka, akapewa. Watu wa soko la Zombe walishazoea. Mgeni akimwona mzee mrefu mwenye kofia iliyopauka amesimama juani, na kivuli cha duka kiko hatua moja mbele yake, alidhani hao wawili waligombana zamani. Hawakuwa wamegombana. Ni kwamba ndani ya duka kulichomwa uunsi, uvumba wa Kisomali ambao Qamar, mke wa Abdifatah, aliuchanganya mwenyewe kwa sukari, udi na mafuta ya waridi. Moshi wake uliingia mpaka kwenye magunia ya unga. Aliyekaa humo dakika mbili alinukia duka hilo hadi kesho yake. Na Kitheka alikuwa mfuga nyuki.

Nyuki humjua mtu kwa harufu. Hujifunza harufu ya mwenye mzinga kama mbwa anavyojifunza hatua za mwenye nyumba, na akija na harufu ngeni humpokea kama mwizi. Baba yake Kitheka, aliyemfunza kazi, hakujipaka kitu maishani mwake, na mwanawe akafuata njia hiyo. Alioga kwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia, akajisuuza mpaka mwili ukawa hauna neno la kusema. Hakujipaka mafuta hata Julai, ngozi inapopasuka kwa baridi. Kanisani aliketi benchi la nyuma kando ya mlango, mbali na waliojipulizia. Wenzake walimtania kwamba siku akipotea porini wataleta mbwa wa polisi, na mbwa atarudi akiomba msamaha.

Mkewe Syokau aliishi vivyo hivyo, kwa sababu Syokau ndiye aliyeshika kamba. Mzinga wa gogo haupandi mtini kwa mtu mmoja. Mmoja hukaa juu kwenye tawi akiuongoza, mwingine husimama chini akivuta, na akilegeza mkono kabla ya wakati, mzinga huanguka na kila kilichomo. Kwa miaka thelathini na mmoja Syokau alisimama chini ya migunga ile, miguu imekanyaga udongo sawasawa, kamba imezungushwa kiunoni, nyuki wakimpitia usoni. Hakuwahi kulegeza. Hakuwahi pia kunukia, ila siku moja tu.

Kwa hiyo siku ile ya soko, mwisho wa Oktoba, Kitheka alipopanda ngazi, akainamisha kichwa kupita chini ya ndala zilizoning'inizwa mlangoni, akaingia, Abdifatah aliacha kupima sukari.

"Leo umeingia," alisema.

"Nimeingia."

Abdifatah alimsogezea kiti cha plastiki. Hakuuliza zaidi, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa akinunua asali ya Kitheka na kuwauzia madereva, na alikuwa ameiona ikipungua kutoka ndoo sita hadi ndoo mbili, kisha dumu moja, kisha chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi, ambayo Kitheka alikataa kuiuza akampa bure. Mvua ilikuwa imekosa misimu minne mfululizo. Migunga ilitoa maua haba, yakakauka kabla ya kufunguka. Nyuki walihama mzinga baada ya mzinga. Kitheka hakupenda kusikia mtu akisema wamekufa. Wamehama, alisema, na anayehama hurudi. Katikati ya ukame huo Syokau naye akaugua kifua, akalazwa, akazikwa, na kuhusu yeye Kitheka hakuwa na neno jingine la kutumia.

Binti yao wa pekee, Mbinya, alikuwa ameolewa mjini Wote, akiuza nguo kwenye kibanda karibu na soko. Krismasi iliyopita alimwambia baba yake kwamba hawezi tena kulala akijua yuko peke yake kwenye boma lile. Walipatana. Angengoja msimu mmoja zaidi. Migunga ikitoa maua, na maua yakianguka bila nyuki kuingia hata mzinga mmoja, angehamia Wote. Kitheka alikubali kama mtu anavyokubali jambo lililo mbali. Sasa maua yalikuwa yameanguka. Yalifunika ua wake kama pumba, na mizinga saba aliyobakiza ilikuwa mitupu. Mbinya alikuwa amempigia simu, akasema Kilonzo mumewe atakuja na pikapu Jumamosi. Tayari alikuwa ametuma sanduku kwa gari la abiria: shati jipya, viatu, na kijisanduku cha kijani kilichofungwa kwa utepe.

"Hayo ni manukato, Baba," alimwambia kwenye simu. "Sasa hakuna wa kukukataza."

Alisema kwa upendo, na Kitheka aliusikia upendo. Lakini maneno yenyewe yalimkaa kifuani siku tatu kama mfupa wa samaki, na ndiyo yaliyomleta dukani.

Aliweka chupa juu ya kaunta. Ilikuwa ya kioo cha kijani kizito, na kifuniko chake kilikuwa cha mbao halisi. Kitheka alishakikagua kifuniko hicho nyumbani kwa ukucha, akaridhika kwamba si plastiki. Abdifatah aliigeuza, akasoma maandishi akiisogeza mbali na macho.

"Ni ya kiume. Wanasema ni ya miti. Miti mibichi, ya asubuhi."

"Mti gani?"

"Mwerezi. Na mwingine siujui."

"Mwerezi hauko huku."

"Hata mtengenezaji hayuko huku, mzee." Abdifatah alirarua kipande cha karatasi ya kaki, akakipulizia, akakipepea. "Hii si kama zetu. Zetu huingia chumbani kabla yako. Hii husimama mlangoni ikangoja kukaribishwa. Usinuse sasa. Mara ya kwanza ni ndimu tu. Ngoja."

Wakangoja. Mteja aliingia akanunua kiberiti akatoka. Kisha Abdifatah akampa karatasi, na Kitheka akaileta puani kwa uangalifu, kama anayesogelea tundu la mzinga asiojua umekaliwa na nani.

Ndimu ilikuwa imekwenda. Kulikuwa na jani lililosuguliwa kiganjani, halafu ubaridi wa kivuli, halafu ikaja mbao yenyewe. Hakuwa amenusa kitu cha chupani tangu ujana wake, na hakutarajia kukitambua. Alikitambua mara moja. Tangu akiwa na miaka kumi na sita alikuwa akichonga mizinga ya mti wa mukau. Unalaza gogo, unalifungua kwa tezo, unachimba moyo wake, na kabla halijakauka hutoa harufu mbichi, tamu kidogo, chungu kidogo. Wakishaingia nyuki, harufu hiyo hufa chini ya nta na asali, hutaisikia tena.

"Inanukia mzinga mtupu," alisema.

Abdifatah alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha.

Badala yake aliita upande wa nyuma, kwa Kisomali, maneno machache. Qamar akaja, amebeba kitu kilichofungwa kwa gazeti. Hakukiweka juu ya kaunta. Alikishika kwa mikono miwili.

"Baba Mbinya, hii ni ya Mama Mbinya," alisema. "Nilikuwa nangoja siku utakayoingia. Singeweza kukupa pale nje."

Ndani ya gazeti mlikuwa na leso, ya manjano yenye maua mekundu. Kitheka hakuwahi kuiona. Harufu ilipanda kabla hajaikunjua.

Qamar alimweleza akiwa amesimama, macho yakiwa kwenye magunia. Kila siku ya soko Syokau alikuja, akapita nyuma ya duka, akavua leso ya nyumbani, akajifunga hii. Aliketi juu ya mkeka chetezo kikiwa chini ya pindo, moshi ukimpanda, akanywa chai ya iliki, wakaongea. Saa yake ikifika alivua, akaenda kwenye mfereji wa uani na kipande cha sabuni alichobeba mkobani, akaosha shingo, mikono na nywele, akajifunga leso ya nyumbani, akaenda zake. Hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Mara nyingine Kitheka mwenyewe alikuwa amesimama pale kwenye ngazi akiitisha chumvi, na wao wako ndani wamezibana midomo.

Kitheka aliipokea leso. Alijaribu kumweka Syokau kwenye mkeka ule, kwenye moshi ule, akashindwa. Nyumbani Syokau alikuwa mtu wa maneno machache. Alimjua hivyo.

"Kwa nini mlizibana midomo?"

"Tulikuwa tunacheka."

"Alikuwa anacheka?"

"Sana," alisema Qamar.

Alirudi nyumbani kwa miguu, kilomita sita, gazeti likiwa kwapani. Harufu ilitembea naye. Njiani alikumbuka siku ile moja.

Ilikuwa mwaka dada mdogo wa Syokau alipoolewa kanisani. Kina dada walimketisha, wakamsuka, wakampaka mafuta, wakampulizia kitu shingoni na nguoni, na alirudi jioni ya Jumapili akinukia ua mzima. Kesho yake walikuwa wanashusha mizinga minne ya kurina. Kitheka alimkuta langoni, akamwambia asiingie hivyo. Hakuwa amekasirika, alikuwa anafikiria kazi. Akamletea maji na majivu ya jikoni, kwa kuwa majivu ndiyo yanayokula harufu, na Syokau akajisugua nyuma ya nyumba, kwenye baridi ya Julai, mpaka nywele zilizosukwa asubuhi zikawa kijivu. "Sasa?" aliuliza. Kitheka akamsogelea, akanusa shingo yake. "Bado." Akajisugua tena. "Sasa?" "Bado." Mara ya nne ndipo alipomwambia basi. Siku zote alikuwa akijihesabia jambo hilo kama wema, kwa sababu maji aliyateka yeye mwenyewe, na mara ya tatu aliyapasha moto.

Siku zilizofuata alishusha mizinga sita kwa msaada wa Mutie, jirani kijana aliyekuwa ameanza kufuga, akampa yote. Mutie alishukuru mpaka ikawa aibu. Mzinga wa saba Mbinya alikuwa ameuomba. Alitaka kuuweka mbele ya kibanda chake Wote na kupanda maua juu yake, watu wapite wakiona. Kitheka aliulaza juu ya mawe mawili chini ya mgunga ulio pembeni mwa boma, tayari kupakiwa. Kisha Ijumaa mchana, bila kujiuliza, aliupaka nta mlangoni na ndani, akaufukizia mutaa, yale majani yenye harufu kama ya mrehani ambayo hualika nyuki. Alifanya hivyo kila msimu. Alijiambia ni ili mbao isipasuke njiani.

Jumamosi aliamka, akaoga, akavaa shati jipya. Alikaa kitandani na chupa mkononi muda mrefu. Halafu akajipulizia kama Abdifatah alivyomwonyesha, huku na huku shingoni, kisha kwenye vifundo vya mikono, kisha, kwa kuwa haikuonekana kama amefanya kitu, kifuani mara tatu. Ubaridi wake ulimshtua. Akafunga mlango kwa kufuli, akaketi nje juu ya mkoba wake, leso ikiwa ndani ya mkoba. Alikuwa na miaka sitini na minane na alinukia mzinga ambao haujaingiwa.

Kilonzo alisema wangefika kabla ya saa saba. Saa nne hivi Kitheka aliusikia mvumo.

Mwanzoni alidhani ni gari la mbali. Kisha akasimama, kwa sababu masikio yalishajua kabla yake. Walikuja kutoka upande wa mto mkavu, wingu la rangi ya kahawia lililokuwa likijikunja na kujikunjua, chini chini, juu ya ua wa miiba. Walizunguka mgunga mara moja. Wachache walitua kwenye mlango wa mzinga, wakaingia, wakatoka, wakaingia tena, kama watu wanaokagua nyumba ya kupanga. Halafu kundi zima likaanza kushuka na kumiminika ndani.

Miaka miwili alikuwa akingoja kitu hicho. Alikimbia. Mzee wa miaka sitini na minane alikimbia kama mtoto aliyeona mama yake anarudi kutoka sokoni, mikono imefunguliwa, na alikuwa hatua tano kutoka kwenye mzinga alipoumwa shingoni. Kisha sikioni. Kisha kwenye kifundo cha mkono, pale pale alipojipulizia. Hapo ndipo alipokumbuka.

Alirudi nyuma taratibu, bila kupunga mikono, mpaka ukuta wa jikoni. Hakuwa ameumwa na nyuki wake mwenyewe kwa miaka mingi kiasi kwamba maumivu yalimtia haya kuliko kumuuma. Alisimama akiwatazama kwa mbali kama wanavyofanya watu wasiojua kazi.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mzinga ulikuwa chini. Nyegere alikuwa akipita bomani, nyayo zake zilikuwa kwenye vumbi tangu Jumatano, na nyegere hula kundi zima usiku mmoja, nyuki, masega na watoto wao. Mzinga ulipaswa kuwa juu mtini kabla ya giza. Na wa kushika kamba alikuwa kaburini, hatua sitini kutoka pale.

Kitheka alivua shati jipya, akalitundika mbali, akaingia jikoni, akachota majivu.

Pikapu ilipofika, Mbinya alimkuta baba yake ameketi nyuma ya nyumba kifua wazi, kijivu kutoka nywele hadi kiunoni, sikio moja limevimba kama andazi. Aliachia mkoba wake ukaanguka.

"Baba, umeanguka? Nani amekupiga?"

"Usinikaribie. Unanukia."

"Mimi?"

"Na mimi pia. Wamekuja, Mbinya." Akaelekeza kwa kidevu.

Mbinya aligeuka. Kilonzo, aliyekuwa amefungua mlango wa gari ashuke, aliona alichokiona mke wake, akarudi ndani, akapandisha vioo vyote, akabaki humo kwenye joto akifuta uso.

Mbinya alitazama mzinga kwa muda. Alikuwa mtoto wa boma lile, hakuhitaji kuelezwa. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Tulipatana mpaka maua yaanguke. Maua yameanguka."

"Ni kweli."

"Ni kundi moja. Mzinga mmoja."

"Nilianza na mmoja."

"Ulianza na Mama." Akaigeukia pikapu. "Nimekipaka chumba rangi, Baba. Watoto wamekuwa wakibishana nani atalala kwako siku ya kwanza."

Kitheka alichota majivu mengine kiganjani. Alikuwa amekifikiria chumba hicho mara nyingi, na katika kukifikiria hakuwahi kujiona ndani yake, alikiona kitanda tu, kimetandikwa. Hilo halikuwa jambo la kumwambia mtoto. Badala yake alimwambia afungue mkoba ulio mlangoni, atazame ndani ya gazeti. Na Mbinya alipoikunjua leso akauliza ni ya nani, alimsimulia yote kama Qamar alivyomsimulia, mkeka, chai, mfereji wa uani, kipande cha sabuni. Hakupunguza kitu. Alimweleza pia kwamba walikuwa wakicheka.

Mbinya alijifunika leso usoni. Alikaa nayo hivyo, mabega yakitikisika, na Kitheka hakuweza kumfikia kwa sababu leso ilikuwa inanukia, na mikono yake mwenyewe ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kupoteza harufu. Alikaa pale alipokaa.

"Na hukujua?" Mbinya aliuliza hatimaye.

"Nilikuwa nje."

Jua lilipinda. Kilonzo aliteremsha kioo kidogo, akauliza kama wanaondoka leo au la, maana itabidi walale kwa dadake Kitui mjini, akakipandisha tena. Kitheka alijisugua mara ya tatu. Maji yalikuwa yamebaki nusu ya dumu, kwa kuwa mitungi mingine alikuwa ameshaigawa pamoja na mizinga. Mbinya alimtazama akihangaika kuufikia mgongo.

"Kamba atashika nani?" aliuliza.

Kitheka aliendelea kujisugua. Hakumwomba. Alifikiria kumwita Mutie, lakini Mutie alikuwa amekwenda Kitui kuuza mbuzi na angerudi kesho. Alifikiria kuifunga kamba kwenye kisiki na kupanda mwenyewe, akajua kwamba hiyo ni kuangusha mzinga.

Mbinya alivua mkufu wa dhahabu aliovaa shingoni, akavua hereni, akaviweka juu ya dirisha. Akaja akapiga magoti kando ya majivu.

"Leo tu, Baba. Kesho sipo."

"Najua."

"Nataka ulijue kabisa."

"Nalijua, mama."

Aliosha uso, shingo, mikono na nywele zake za saluni za wiki hiyo hiyo. Walitumia maji yale yale, wakipokezana kikombe. Wakati fulani Kitheka alimgeukia, akainamisha kichwa, akauliza, "Sasa?" na binti yake akamnusa shingo.

"Bado."

Akajisugua.

"Sasa?"

"Bado, Baba. Iko nyuma ya sikio."

Ilikuwa vigumu kuvumilia, kusimama hivyo umeinama, umeloa, ukingoja mtu mwingine aseme kama unafaa kuingia kwako. Kitheka aliinama akangoja. Mara ya nne Mbinya akasema basi.

Saa kumi na mbili kasoro, nyuki wakiwa wameshatulia ndani, walifunga mlango wa mzinga kwa kitambaa, wakaufunga kamba pande zote mbili. Kitheka alipanda mgunga polepole, goti la kulia likilalamika. Mbinya alikanyaga udongo sawasawa, akazungusha kamba kiunoni bila kuambiwa. Akavuta. Mzinga uliondoka kwenye mawe, ukayumba, ukapanda. Katikati nyuki mmoja alitoka mahali palipopasuka, akatua kwenye shavu la Mbinya, akatembea mpaka karibu na jicho. Kitheka alimwona kutoka juu. Mkono wa Mbinya haukulegea. Mzinga ulifika kwenye tawi, Kitheka akaukamata, akaufunga, akakaza mara mbili, akaondoa kitambaa.

"Achia," alisema, na kamba ikaanguka.

Waliagana karibu na gari. Kitheka alimpa chupa ya kijani, akamwambia aiweke kwenye kile chumba, siku akija kuwatembelea atajipulizia akiwa huko huko. Mbinya aliuliza atakuja lini, naye akasema baada ya kurina. Wote wawili walijua kwamba kundi jipya halirinwi mwaka huo. Kisha Mbinya alichukua leso ya mama yake, akaikunjua, akajifunga mabegani kwa sababu ya baridi ya jioni. Harufu ya uunsi ilisimama kati yao. Kitheka alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mkono aliokuwa ameunyoosha kumuaga ukabaki hewani.

"Ni sawa," Mbinya alisema. "Kaa huko."

Pikapu iligeuka. Kilonzo alikuwa sasa ameteremsha vioo, na kabla ya kufika kwenye ua wa miiba alisema kitu, pengine kuhusu majivu yaliyobaki kwenye nywele za mke wake, na Mbinya akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, cha koo wazi, kilichoendelea hata gari lilipopotea nyuma ya migunga. Kitheka alisimama akisikiliza. Alijiuliza kama ndivyo Syokau alivyokuwa akicheka mle ndani, akajaribu kukumbuka kicheko chake chochote cha kulinganisha nacho, akajikuta hana.

Gari lilipokwisha kusikika, alinusa kifundo cha mkono. Kulikuwa na majivu, na chini ya majivu, mbali sana, bado kulikuwa na mbao mbichi. Hakusogea chini ya mgunga. Aliketi kwenye ukuta wa jikoni, mahali ambapo upepo ulitoka kwa nyuki kuja kwake, akangoja harufu iishe.